Gauni Lililokataa Kukimbia

Mume wangu anapiga tarumbeta na kitinda mimba wangu anabuni mavazi. Mimi kazi yangu ni kuishi nao, na ninaifanya bila likizo.

Nyumba yetu ina chumba cha nyuma chenye madirisha mawili, kikubwa kuliko sebule, na tangu tuhamie kilikuwa cha bendi. Mume wangu, ambaye wenzake humwita Jemadari ingawa hajawahi kushika silaha yoyote zaidi ya hiyo tarumbeta, aliwakusanya humo wapigaji wake, wazee wenzake wenye magoti mabovu, wakapiga mpaka vikombe vyangu kabatini vikagongana. Kisha binti yetu akarudi nyumbani na cherehani. Akaiweka kwenye kona, kwa muda tu, alisema. Cherehani ikaita meza ya kukatia, meza ikaita majora ya vitambaa, majora yakaita wateja, na bendi ikajikuta inapiga imebanwa ukutani. Siku mpiga ngoma alipokalia pini, mume wangu alisema sasa basi. Kidonda kilikuwa kidogo lakini mahali pake palikuwa pabaya, na mzee wa watu alipiga ngoma kwa kusimama mwezi mzima.

Sasa, huyu binti. Anapenda muziki kupita kiasi, na hawezi kuimba hata kidogo. Watoto wetu wakubwa wote baba yao aliwafundisha wakafundishika. Zamu ya huyu ilipofika, Jemadari alijitahidi kwa wiki kadhaa, kisha siku moja akaja kukaa nami jikoni ameshika kichwa. Akaniambia mtoto ni mzuri, ana adabu, lakini hana sikio. Mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni, amesimama na daftari lake la nyimbo kifuani. Alisikia kila neno, kwa hiyo sikio alikuwa nalo, ila si la aina aliyoitaka baba yake.

Mwingine angesusa. Yeye alizidi kuupenda muziki, tena kwa njia ya kuudhi. Bendi ikianza mazoezi alijificha chini ya meza walipokuwa wanatupa sare zao, akawashonea vifungo vilivyodondoka. Vifungo vilipoisha akaanza kubuni. Alimshonea mpiga kodiani shati lenye marinda kifuani, yanayofunguka na kujifunga kila akivuta pumzi, kwa sababu aliona si haki kodiani lipumue peke yake. Lilikuwa shati zuri sana mpaka mzee alipopiga chafya. Akamtengenezea baba yake koti lenye mikono iliyopanuka mwishoni mithili ya mdomo wa tarumbeta, na Jemadari alilivaa kwenye harusi moja, akarudi nyumbani na mchuzi wa meza nzima mikononi. Hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto ana bidii, kwa sauti ile watu wanayotumia wakikosa la kusifu.

Alipomaliza shule akaenda kujifunza kazi kwa fundi wa sare za wanafunzi, bwana mmoja mpole aliyekuwa na redio dirishani. Redio ndiyo iliyomponza. Macho yalikuwa kwenye kitambaa lakini mikono ilikuwa inamsikiliza mtangazaji. Ukipigwa wimbo wa taratibu, sketi zilirefuka. Ukija wa haraka, mkasi ulikatiza juu kwa juu. Shule zilipofunguliwa darasa moja lilikuwa na wasichana waliofunikwa mpaka kwenye soksi wamekaa na wenzao ambao mwalimu mkuu hakutaka hata kuwatazama. Fundi hakumfokea. Alimwambia kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake, na wa kwake uko kwenye jengo jingine.

Jengo jingine likawa duka la mapazia, ambako hapakuwa na redio wala mtu wa kuimba. Nilidhani atakufa kwa ukimya. Kumbe huko ndiko alikofunguka macho. Mapazia mazuri hushonewa vipande vidogo vizito vya madini ya risasi ndani ya pindo ili yaning'inie vizuri, na yeye siku nzima hakuwa na la kufanya ila kuyatazama yakiyumba kwa upepo. Akaona kwamba pazia refu linakwenda na kurudi taratibu, na fupi linakwenda na kurudi haraka haraka, na kwamba hakuna namna ya kulishawishi lifanye vingine. Siku hiyo alirudi nyumbani akinitazama kwa namna iliyonitia wasiwasi, akaniomba kifungo kikubwa cha koti langu.

Mpaka leo anafanya hivi. Mteja akija, hamuulizi anataka gauni refu au fupi. Anamuuliza anapenda wimbo gani. Anafunga kifungo kwenye ncha ya uzi, anauning'iniza uzi kwenye fremu ya mlango, anawasha wimbo, anakisukuma. Anaufupisha uzi, anaurefusha, mpaka kifungo kinayumba sawasawa na muziki. Urefu wa uzi huo ndio urefu wa sketi, kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, na pindoni anatia zile risasi za mapazia. Ukilivaa gauni hilo na ukatembea kwa mwendo wa wimbo wake, pindo linakwenda nawe huku na huku, na hata mtu ambaye nyonga zake zimelala tangu azaliwe anaonekana anajua kucheza. Nimeliona hilo kwa mke wa mpiga besi, mama ambaye kabla ya hapo hakuwa na tofauti kubwa na kabati.

Hasara yake ni kwamba mtu hachagui. Wifi yangu, dada yake Jemadari, mama wa wajukuu wengi na mweka hazina wa kila chama anachojiunga nacho, alitaja wimbo wa haraka kupita nyimbo zote za bendi. Uzi ukawa hivi, kama kiganja na nusu. Nilimsihi achague mwingine, akasema wimbo ni ule ule na moyo hauzeeki. Siku alipokuja kutuonyesha, mume wangu alimfungulia mlango, akamtazama dada yake kutoka juu hadi palipotakiwa kuwa na kitambaa, akarudi ndani kutafuta shuka.

Basi vita vya chumba vilikuwa vimefika hapo, wifi amevikwa shuka na mpiga ngoma amesimama, ndipo binti yangu akaja na habari kwamba amekodi ukumbi. Atafanya onyesho lake la kwanza, magauni manane ya nyimbo za bendi ya baba yake, na anaiomba bendi ipige. Alisema haya mezani huku anaviringisha kipande cha mkate kidoleni. Mimi mama yake nilijua anachoomba. Ukumbi na watazamaji vilikuwa mapambo tu. Alikuwa anataka mtu mmoja, aliyekaa mbele yake anapuliza chai, akae siku moja aone kwamba muziki umo ndani ya binti yake.

Jemadari alipuliza chai yake mpaka ikapoa.

"Watu wakisimama, chumba chako," alisema. "Wakikaa mpaka mwisho, cherehani itoke kesho yake na ngoma irudi mahali pake."

"Sawa, Baba. Ila mzipige nyimbo kama zilivyo."

"Mwanangu, mwendo wa bendi ni kazi yangu. Wewe shona."

Akashona. Magauni saba aliyapima kwa kanda za karibuni za bendi, anasikiliza, anasukuma kifungo, anasikiliza tena, mpaka nikawa ninaota vifungo. La nane hakuwasha kanda yoyote. Nilikuwa ninapita sebuleni na ndoo ya nguo mbichi, nikamkuta amesimama mbele ya fremu ya mlango amefumba macho, midomo inamcheza bila sauti, na uzi mrefu kuliko nyuzi zote unakwenda na kurudi karibu na sakafu. Nilimuuliza huo ni wimbo gani. Akasema ni wa viatu.

Wimbo wa viatu aliutunga mume wangu tulipokuwa wachumba. Alikuja kwetu siku ya mvua na matope mpaka kwenye vifundo, nikamwambia haingii ndani mpaka afute viatu, naye akalalamika hapo hapo nje kwa tarumbeta. Wimbo wote ni mwanamume yuko mlangoni anaomba na mwanamke anamwambia futa tena. Ndio uliomjengea jina. Kadiri miaka ilivyokwenda watu walitaka kuuchezea, na bendi ikawaongezea moto kidogo kidogo, mpaka siku hizi ukipigwa jukwaani unadhani yule mwanamume anafukuzwa na mbwa. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe nilishausahau ulivyoanza.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa, nusu jamaa zetu na nusu wateja. Meza za ukumbi ziliunganishwa katikati zikawa njia ya kupita, zimefunikwa kitambaa cheusi kilichogongomewa misumari, na bendi ikakaa mwisho wake, upande wa mbali. Nyuma ya pazia binti yangu alikuwa na pini mdomoni. Gauni la kwanza lilikwenda vizuri. La pili watu walipiga makofi. Kwenye la nne wifi alipita na kile kigauni chake kama mtu anayekwenda kupokea tuzo, na pindo lile fupi likacheza pamoja na ngoma bila kukosea hata mara moja, lakini Jemadari aliupiga wimbo wote amefumba macho kwa sababu ya dada yake, kwa hiyo hakuona kitu. Watu walicheka, walipiga miluzi, walifurahi. Wakabaki wamekaa. Mpaka la saba walikuwa bado wamekaa.

La nane alitakiwa kulivaa msusi, jirani yetu, dada mrefu mwenye shingo ya maringo. Ila msusi huyu haruhusiwi kusikia ngoma akiwa karibu na ngazi. Katika wimbo wa saba alianza kucheza peke yake nyuma ya pazia, akakosa ngazi ya chini ya kupandia mezani, na kifundo cha mguu kikavimba tunakitazama. Binti yangu aliangalia kifundo, akaangalia gauni, kisha akaniangalia mimi. Nikamwambia hapana. Nikamwambia nina miaka yangu, nina mgongo wangu, na nina heshima kidogo niliyobakiza. Alikuwa hajasema neno hata moja.

Wakanivika. Kiunoni lilinikaa sawa, kwa maana mtoto huyu tangu utotoni hujaribia nguo zake kwangu na huenda anadhani binadamu wote wana umbo la mama yake. Urefu ndio ulizidi, na kukunja pindo alikataa kwa machozi, akasema akilikunja wimbo utabadilika. Basi wakanipandisha kwenye viatu vya msusi, virefu na vikubwa, vimejazwa pamba mbele. Nikapiga moyo konde nikatoka.

Nilipoweka mguu juu ya meza ya kwanza, mume wangu alinitambua. Nyusi zake zilipanda, akasahau kidogo kupuliza, kisha akaiashiria bendi na wimbo wa viatu ukaanza kwa kasi yake ya kila siku.

Nilijaribu kuufuata, Mungu ni shahidi yangu. Hatua ya kwanza pindo lilikwenda kulia na mimi kulia. Hatua ya pili mimi nilikuwa ninakwenda na lenyewe ndiyo kwanza linarudi. Tukagongana. Risasi za mapazia zikanipiga kwenye muundi wa mguu, nikaruka, gauni likapata wazo jipya na kujizungusha miguuni mwangu, na nikaenda hatua mbili tatu za upande upande ambazo hazimo katika ngoma yoyote ninayoijua. Kiatu kimoja kilibaki kwenye pengo kati ya meza na meza. Ukumbi uliangua kicheko. Nyuma yangu, katika upenyo wa pazia, niliuona uso wa mwanangu, na haukuwa unacheka. Nilikuwa ninamharibia, mimi niliyemzaa, mbele ya watu wote, na bado nusu ya njia ilikuwa mbele yangu.

Kuna mambo matatu mwanamke anaweza kufanya hapo. Anaweza kurudi, anaweza kuanguka, au anaweza kukasirika. Nilikasirika. Nikavua na kiatu cha pili, nikasimama pekupeku katikati ya meza, mikono kiunoni, nikamkazia macho mume wangu.

Jemadari alinionyesha kwa tarumbeta nisogee. Nikatikisa kichwa. Akaongeza nguvu, mashavu yamemvimba, akidhani labda sisikii. Nikabaki pale pale. Tumeoana muda mrefu wa kutosha kugombana bila kufungua mdomo, na watu wa mstari wa mbele waliogeuza vichwa kwake, kwangu, kwake tena, nadhani walielewa kila neno. Ila gauni halikuwa na habari na ugomvi wetu. Mimi nilikuwa nimesimama kimya, lakini pindo zito lilikuwa limeshaanza safari na halikuwa na sababu ya kuacha. Likaenda kulia, likatulia kidogo, likarudi kushoto. Kulia. Kushoto. Wala halikuharakishwa na ngoma iliyokuwa inakimbia juu yake.

Niliona macho ya mume wangu yakishuka kutoka usoni kwangu hadi kwenye pindo. Yakaenda nalo kulia, yakarudi nalo kushoto. Tarumbeta ikamshuka mdomoni.

Akainua mkono, bendi ikanyamaza vipande vipande, mpiga ngoma wa mwisho kwa sababu huwa anakuwa mbali kimawazo. Kicheko nacho kikafifia. Ukumbini kitu pekee kilichokuwa kinakwenda ni gauni langu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Binti yangu alipokuwa mchanga alikuwa na tumbo la kumsumbua, analia usiku kucha, na baba yake alikuwa akimweka begani, akitembea naye sebuleni kwenda na kurudi huku anamwimbia wimbo wa viatu mdomo umefungwa. Alimwimbia kama alivyoupiga nje ya mlango wetu siku ya mvua, taratibu, mtu mwenye aibu anayefuta kiatu kimoja kisha kingine. Bendi iliusahau mwendo ule. Mimi niliusahau, na mtunzi wake aliusahau. Mtoto asiye na sikio alikaa nao miaka yote hiyo, na alipotakiwa kuutoa aliutoa bila kupungua hata unywele.

Jemadari alirudisha tarumbeta mdomoni. Alipiga peke yake, macho hayabanduki kwenye pindo, na sauti ilitoka nyembamba, inayotaka ruhusa. Mpiga besi akamfuata, halafu kodiani. Nami nikanyanyua mguu wa kulia, na gauni likanyanyuka nao. Sikufanya kitu, nakuapia. Lilinichukua kama mtu anavyoongozwa na mkono wa mwenzake, mgongo hauumi, nyonga zangu zinafanya mambo ambayo sikuwa nimezituma. Mtu wa kwanza kusimama alikuwa wifi, aliyekwisha kwenda kukaa na watazamaji, nikadhani anavuta kigauni chake chini. Kisha akasimama mke wa mpiga besi, kisha mstari wake, na mistari ya nyuma nayo ikainuka kimya kimya, wengine wameshika vifua. Habari ya chumba ilikuwa imekwisha na hakuna hata aliyeikumbuka.

Nilipomfikia mume wangu alikuwa analia huku anapuliza, jambo baya sana kwa tarumbeta, na sauti mbili tatu za mwisho zilitoka na maji. Watu walipiga makofi mpaka meza zikatingishika chini ya nyayo zangu. Wakataka mwingine. Wakautaja kwa jina, mmoja wa nyimbo zake za zamani kabisa, nao jukwaani siku hizi unakwenda mbio.

Jemadari akapangusa mdomo, akawageukia wenzake, akainua mkono kuwahesabia. Mkono ukabaki hewani. Wazee wakamtazama wakisubiri, yeye akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akaushusha taratibu na kugeuka kuelekea kwenye pazia, ambako binti yetu alikuwa amesimama na pini zake mdomoni.

"Mwanangu," alisema, "na huu ulikuwa unakwendaje?"

Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. Kisha akapiga makofi manne ya taratibu kuwahesabia, na bendi ikaingia.